Dakika Kumi na Moja

Karatasi ya matokeo imebandikwa kwa gundi ya unga
mlangoni mwa stoo ya nyavu, Luchelele.
Nyanzobe Magoma: kuogelea, dakika arobaini na mbili.
Baiskeli, saa moja na dakika arobaini.
Kisha kile kisanduku chembamba, cha kubadili viatu,
ambapo wenzangu wameandikiwa mbili, mbili na nusu,
mimi nimeandikiwa kumi na moja.
Kijana wa saa amekizungushia wino mwekundu,
akidhani amekosea kuhesabu.

Hakukosea.

Mabula ana miezi saba na meno mawili.
Mshono wangu nao una miezi saba,
yeye ndiye Kulwa, mshono ndio Doto,
na Doto hulia baridi ikija.
Mama mkwe alisema, mwili wa mzazi ni chungu kibichi,
nani hukiteleka kabla hakijakauka?
Akasema hivyo huku ananifungia matobolwa kwenye kitambaa,
vipande sita, vya kula njiani.

Filimbi.
Maji yananuka magugu na dagaa wa jana.
Mikono ilikumbuka kabla yangu:
moja, mbili, tatu, pumzi,
na kila nikigeuza uso naona lile jiwe juu ya jiwe
kama mtoto mgongoni asiyetaka kushuka.

Kwenye boya la pili nikamsikia analia.
Haiwezekani. Ufukwe uko mbali, masikio yamejaa maji.
Lakini kifua hakikuuliza kama inawezekana.
Joto likatambaa ndani ya vazi,
likapenya kitambaa, likaenda zake.
Ziwa likaingia ziwani.
Neno moja, nimelitamka tangu utoto
nisilisikie.
Nikacheka, nikapaliwa,
mwokoaji akaugeuza mtumbwi wake, nikampungia: endelea, baba, ni furaha tu.

Nyegezi. Mkolani. Buhongwa.
Zamani vilima hivi nilikuwa navipanda nikipiga soga.
Sioni haya kuliandika hili: kwenye tuta la mbele ya shule, Mkolani,
mkojo ulinitoka.
Ulikauka kabla ya Usagara,
nyuma ya lori la pamba lililoninyunyizia manyoya
mpaka nikafanana na kifaranga.
Nikala tobolwa. Nikageuza.

Bujiku alikuwa amesimama kando ya viatu vyangu,
uji begani, kanga yangu kiunoni mwake,
na uso wa mtu aliyekwisha kujaribu kila kitu.
Sikuuliza. Nilikaa chini, kwenye mchanga, na kofia ya baiskeli kichwani.
Mabula akanionja, akakunja uso:
chumvi, vumbi, ziwa zima la Nyanza.
Kisha akashika.

Miguu yangu ilikuwa inatetemeka,
naye akadhani anabembelezwa.

Wakapita. Mmoja, wawili, Kokugonza akanigusa bega,
watano, nikaacha kuhesabu.
"Mama," kijana wa saa akaniambia kwa upole, "muda unakwenda."
Uache uende. Unaijua njia.
La kushoto likaisha, nikamhamishia la kulia.
Kope zake zilikuwa na uji.
Nilikuwa nimesahau kwamba mtu anaweza kuketi
katikati ya mashindano
asiwe ameshindwa.

Kuhusu mbio sina mengi.
Kilomita kumi, mawe, jua, nyonga zinazolia kama bawaba.
Nilimpita mmoja, aliyekuwa anatapika.

Sasa kijana amenijia, kalamu sikioni.
"Hapa nirekebishe? Niweke mbili?"
"Ziache."
"Zitakushusha, mama. Uko wa kumi na mbili."
"Kati ya kumi na wanne," nikamwambia. "Ziache zote. Hata hiyo moja ya mwisho,
aliyoitumia kunitazama tu."

Anakuna kichwa. Mabula, mkononi mwangu,
ameifikia kona ya karatasi,
ameibandua,
anaonja gundi.