Kitambaa Hurudi

Dirisha la chini ya kanisa, Grunthal, Manitoba,
limezibwa na theluji hadi nusu. Februari.
Vikombe saba vya kahawa, fremu ya mbao katikati,
na Lieda Toews ameshika mkasi kama hakimu ashikavyo nyundo:
"Kifuliwe kwanza. Chote. Maji ya moto."

Agatha Penner hainui macho.
Miaka themanini na sita, kidole cha kati kina sugu ya sindano.
"Kikifuliwa kinapoteza kanji,
na kitambaa bila kanji ni mlevi:
unakikata mraba, kinakupa msambamba."

"Kitambaa hurudi," asema Lieda.
"Na kirudi! Kirudi kikiwa kimeshashonwa,
kijikunje, kiwe na makunyanzi kama mimi.
Nani anataka kulala chini ya kitu kilichonyooka?"

Mimi ndiye niliyenunua. Mita sita:
nyekundu ya cheri, nyeupe, na buluu ya usiku,
kwa mtoto wa Marlies atakayezaliwa Aprili.
Kwa hiyo wote wananigeukia,
nami naigeukia kahawa.

Lieda ana kisa, na kisa chake tunakijua:
mwaka wa mafuriko, mfarishi wa harusi ya dada yake,
nyekundu iliyochujia nyeupe, safari moja tu ya mashine,
ukatoka waridi, waridi ya ufizi.
Dada akalala chini yake miaka thelathini na minane
wala hakulalamika.
Ndiyo maana Lieda hajasamehe.

Usiku, nyumbani, nafanya ninavyofanya kwa madeni:
sikubali, sikatai, napima.
Vipande vitatu, bilauri tatu za maji ya moto,
tone la sabuni, kingo ya dirisha la jikoni.
Nyekundu naiweka karibu na taa, kama mshukiwa.
Nje ni nyuzi thelathini chini ya sifuri.
Namkumbuka mama akianua mashuka yaliyoganda,
akiyabeba kwapani kama mbao,
na jinsi yalivyolegea jikoni, taratibu,
yakinukia baridi yenyewe.
Hakuna aliyemuuliza mama kama afue kwanza.
Viraka vyake vilikuwa magunia ya unga na mashati ya baba,
vilishafuliwa hadi havina pa kurudi.

Asubuhi, maji ya nyekundu ni maangavu.
Ya nyeupe pia.
Na buluu, buluu niliyoiamini kwa kuwa ilikuwa kimya,
imegeuza bilauri wino.
Kikulacho ki nguoni mwako,
na mara nyingine ndicho nguo yenyewe.

Naifua buluu peke yake. Mara tatu,
na siki, ingawa Agatha anasema siki ni ya matango.
Inatoka na nyuzi ukingoni kama ndevu.
Napima: inchi moja na nusu imekwenda.
Imerudi. Sijawahi kujua imerudi wapi.
Shambani? Kwenye kitanda cha mfumaji?
Kwenye umbo lake la kabla ya kuvutwa,
kunyooshwa, kupigwa pasi ili iuzike?
Labda hiki ndicho kipimo chake,
nami dukani nililipia uongo wa inchi moja na nusu.

Nyekundu sikuifua. Niliiacha na kanji yake.
Hili siwezi kulitetea mbele ya yeyote.

Mikono ya wanawake saba, wiki tisa.
Buluu ililegea, nyekundu ikakaza;
Agatha alitukana kwa Kijerumani cha mashambani,
kwa upole, akidhani hatusikii.

Mtoto alikuja mapema. Usiku wa kwanza chini ya mfarishi
alitapika maziwa yote, na chini akaongeza yake.
Marlies akautupa mashineni, maji ya moto,
pamoja na soksi za mumewe,
bila kumuuliza mtu.

Jumapili umeletwa tuuone.
Umejikunja kila mahali. Nyeupe ni nyeupe.
Ila karibu na pindo, buluu inapokutana nayo,
kuna kivuli, upana wa ukucha wa kichanga.
Lieda alikiona. Namjua, alikiona.
Akaikunja pembe ile kwa ndani,
akamwomba Agatha sukari.