Komeo

Tulimsikia akikoroma.
Naanza na hilo, maana ndilo linalonikaba.
Mama alikuwa barazani anamenya ming'oko,
akasita, akatega sikio mlango wa uani,
akasema: Afadhali. Chande kapata usingizi.
Tukapunguza redio
tusije tukamwamsha.

Alikuwa na siku nne tangu atoke Lilungu.
Miezi saba ndani, hakugusa.
Mkono ulikumbuka kipimo cha zamani,
mwili ulikuwa umeshakisahau.

Hatukujua kuna mkoromo usio wa usingizi,
pumzi inachota kidogo, inatua,
inachota kidogo, inakawia,
kama ndoo kwenye kisima kinachokauka.
Redio ilikuwa inasoma bei za mnada wa korosho.
Ilipofika Newala, uani kimya.
Tukasema: sasa ndiyo kalala kwelikweli.

Komeo lilikuwa la chuma. Nililipachika mwenyewe,
skrubu nne, ili mtu akioga asitiwe aibu.
Mjomba Nampembe alilivunja kwa mtaimbo.

Na kwa nini alijifungia?
Jumatatu ile nilimwambia, kidole kikiwa usoni pake:
Ukirudia mambo yako, nisikuone.
Alinitii.

Baada ya arobaini nilichukua bisibisi
nikang'oa kilichobaki cha komeo.
Chikongola nzima ikapata la kusema:
Somoe kawafungulia mateja choo.
Ndiyo. Na ndoo ya maji safi,
na kopo la mfuniko la kutupia sindano
zisiokotwe na watoto.
Mnataka waache? Hata mimi nataka.
Lakini maiti haiachi kitu, huachwa.

Nesi aliyekuja kutufundisha anaitwa Sikujua.
Tulicheka, kisha hatukucheka tena.
Alitulaza kwenye jamvi mmoja mmoja:
Muite. Msugue kifuani kwa vifundo vya vidole.
Haitiki? Piga simu, paza sauti, usione haya.
Usimmwagie maji. Usimnyweshe maziwa.
Kidevu juu, bana pua, mpulizie,
pumzi moja kila sekunde tano.
Dawa ya puani ikiwepo, mpe, na usiondoke,
maana dawa huisha nguvu kabla ya unga.
Akipumua mwenyewe, mlaze ubavu.
Mama alirudia yote kwa sauti,
kama mtoto wa chuo anayesoma ubao.

Ijumaa ya msimu, malipo yameingia,
vidole vyangu bado vyeusi kwa mafuta ya korosho,
Mfaume wa Bi Sijaona akaingia uani.
Nikasubiri. Nikaita: Mfaume!
Nikaita tena.
Mlango nikausukuma kwa kidole kimoja tu.

Midomo rangi ya majivu.
Nikapuliza, nikahesabu hadi tano,
nikapuliza, nikahesabu,
mimi ninayehesabu korosho kutwa nzima
sikuwahi kuogopa namba namna ile.
Mama alishika simu kwa mkono mmoja,
kwa mwingine alishika unyayo wa kijana
kana kwamba angemvuta kutokea huko alikokuwa anaelekea.
Sikujua alifika na dawa kwenye bodaboda, kilemba kimefunguka.

Mfaume alikohoa. Akatetemeka. Akafungua jicho
na akatutukana, tusi zito, la mzazi,
kwamba tumemharibia.
Mama akajifuta machozi kwa kanga:
Tukana tena, baba. Endelea.

Sisemi kapona.
Kuna siku anakwenda kunywa methadoni,
kuna siku haendi, na hanitazami machoni.
Mlango una matundu manne palipokuwa skrubu,
upepo ukivuma unagongagonga
na wageni huuliza mbona hatuutengenezi.

Usiku, nikichoka sana, huwa nakoroma.
Mama huja gizani bila taa,
huweka kiganja puani pangu, hungoja.
Kisha hunitikisa:
Wewe ni nani? Nijibu.
Nami hujibu, jina langu lote,
na la baba, na la babu,
mpaka aondoe mkono.