Chokaa

Mashine iko juu ya meza ya jikoni tangu Jumanne,
kati ya mkate mweusi na bili ya umeme.
Veijo ameniazima. "Kaa nayo," alisema,
"izoee, kama mtu anavyomzoea mbwa wa jirani."

Nimeifungua. Mapafu mawili ya mpira,
mabomba yaliyokunjamana kama shingo ya kobe,
sensa tatu za oksijeni zinazopiga kura:
mbili zikikubaliana, ya tatu huhesabiwa mwongo.
Na kopo la chokaa, la kumeza sumu ya pumzi yangu.
Chokaa! Babu aliikohoa miaka thelathini
katika mgodi huu huu ninaouzamia,
uliojaa maji tangu pampu zilipozimwa.

Hesabu naijua. Kwa mitungi yangu
kila pumzi naivuta mara moja na kuitupa,
kama tajiri ang'ataye tufaha na kulirusha dirishani.
Heliamu imepanda bei.
Tena mapovu yangu hugonga dari la handaki,
kutu ikamwagika, nikarudi nikipapasa kamba gizani.

Veijo hupita bila kutikisa hata vumbi.
Anasema kule chini, mita sabini,
kuna koti bado limetundikwa msumarini.

Lakini mtungi ukikuchoka hukuambia:
pumzi huwa nzito, unapanda.
Hii huua kwa adabu. Unatabasamu, unalala.
Kimya kingi kina mshindo;
nilimzika Aarto, aliyesahau swichi moja.

Hata hivyo, anayenikosesha usingizi ni Raimo.
Februari, tukishatoboa barafu,
hukalia ndoo iliyopinduliwa, chupa ya kahawa magotini,
akitazama mapovu yangu yakijibandika chini ya barafu
kama sarafu. Hajui kuogelea.
Miaka kumi na tisa hajaniuliza nimeona nini.
Husema tu: "Leo umehema vizuri."

Jana usiku aliigusa mashine kwa kidole.
"Hii hutoa mapovu?"
"Hapana."
Akaosha kikombe chake, akaenda kulala.

Asubuhi nimekuta kando yake
kamba mpya ya manjano, mita mia, bado ina bei,
na karatasi: *Vuta kila dakika. Nitakuwa nimeishika.*

Kamba haivutiki kupita kona tatu za handaki.
Anajua. Ndiye aliyenichorea ramani.

Nimeikunja vizuri, nikaiweka juu ya kopo la chokaa.
Veijo amepiga simu mara mbili.
Kahawa imechemka hadi imemwagika.