Ubavu wa Saba

Edmonton, Januari, baridi imeshuka chini ya thelathini,
na mimi kituoni nangoja basi la alfajiri,
naitazama pua yangu kwenye kioo chenye ukungu.
Mashavu yameiva, paji limekauka,
lakini ncha ya pua ina buluu ya wino,
kwa kuwa silikoni haina damu, baridi haiizuii,
inaipitisha tu, kama mlinzi aliyehongwa.

Mwaka wa tisa huu imelala humo.
Niliwekewa Istanbul kwa bei iliyojumlisha hoteli,
siku nne, plasta, asante, kwaheri.
Nilitaka mgongo wa pua ulionyooka kama rula.
Nikapewa. Kisha rula ikaanza kutembea.
Sasa imeelekea kushoto, na ngozi ya nchani
imekuwa nyembamba hata nikisogea kwenye taa
naona kitu kinachungulia.
Kikulacho, walisema, ki nguoni mwako.
Changu kimepanda hadi puani.

Daktari wa kwanza, Prescott, anafuga samaki wa mapambo.
Aliitia sura yangu kwenye kompyuta,
akaivuta pua kwa kidole kama donge la chapati,
akasema: tunatoa hii, tunaweka nyingine yenye vitundu,
nyama yako itaota ndani yake, haitatembea tena.
Nikauliza: na ikitunga usaha?
Nadra, akasema.
Nadra. Nililibeba neno hilo ngazi zote hadi chini.

Wa pili, Hrynchuk, alitaja ubavu wa marehemu:
umesafishwa, umepigwa mionzi, umetunzwa,
hutakuwa na kovu kifuani.
Si mtu mbaya. Alinipa chai.
Nikamfikiria huyo marehemu, alipenda kunusa nini,
ikanijia ile methali ya nguo ya kuazima
na mahali isipopasitiri, nikacheka peke yangu
nikashindwa kumweleza.
Mwenyewe akaongeza, kwa sauti ya chini,
kwamba ubavu wa namna hiyo pengine huyeyuka;
mwili huula polepole.

Wa tatu yuko Calgary, saa tatu na ushei kwa basi.
Achterberg. Mwanamke wa mikono mifupi,
kucha zimekatwa hadi nyama. Hakuwasha kompyuta.
Ziba tundu la kulia, vuta. Sasa la kushoto.
Kikatoka kile kifilimbi
ambacho dada yangu hukisikia usiku kupitia ukutani.
Akabonyeza masikio: gegedu hapa halitoshi.
Akabonyeza mbavu.
Nikatoa risiti niliyoandika nyuma yake:
pua ngapi za kurudia? Ngozi nene kama yangu, ngapi?
Ngapi zimerudi tena kwako?
Akahesabu. Kweli akahesabu, kwa vidole,
akafika kwenye mmoja, akanyamaza, akaendelea.
Hata ubavu wako unaweza kupinda, akasema,
una ukaidi wake.

Akaomba picha ya pua ya kwanza. Sina.
Nilizichana zote, hata ya kitambulisho cha shule.
Nikamwonyesha Raya, mtoto wa dada yangu,
miaka sita, amelala kwenye kochi, mdomo wazi.
Akaitazama simu muda mrefu.
Hii siwezi kuirudisha.

Sikutia sahihi siku ile.
Nilirudi kazini, chumba cha kufulia cha hospitali,
ambako nakunja majoho ya kijani ya wapasuaji
na hakuna joho linaloniambia ni mkono gani ulitetemeka.
Damu ya wote hutoka kwa maji baridi.

Alhamisi nikapiga simu Calgary.
Karani akanisomea: tarehe kumi na mbili Machi,
usile tangu usiku, ubavu wa saba, kulia.
Hawa mzima alitoka kwenye mmoja; mimi naomba pua tu.
Nikatia mkono ndani ya sweta,
nikahesabu kuanzia juu,
nikapotea kwenye wa tano,
nikaanza upya.