Kitabu cha Pili

Miaka tisa. Kimefika na treni ya kutoka Dar
ndani ya kikapu cha mama mmoja wa Cheyo,
kikinuka vitunguu.
Nilikifungua hukohuko stesheni, nimekalia gunia la karanga,
pale reli zinapoachana, hii Mwanza, hii Kigoma.

Cha kwanza tulikisoma bwenini, mimi na Mihayo.
Kilikuwa kimoja, na subira hatukuwa nayo,
tukakikata kwa wembe.
Nusu ya mwisho ikaniangukia mimi,
ndiyo maana hadi leo namjua rubani Kalunde
akiwa na mvi kwanza, kisha ndiyo anazaliwa.

Na ule mwisho!
Kalunde peke yake chomboni, wenzake wameshazimika,
nje hakuna hewa, hakuna usiku, hakuna mtu,
na mtu akapiga hodi.
Nukta. Jalada.

Kwa hodi hiyo nimeishi miaka tisa.
Nimeiwaza juu ya mapaa ya Isevya nikifunga matangi,
chini ya masinki ya watu Kitete, spana mkononi.
Mihayo alishikilia kuwa ni mama yake.
Mimi nikasema ni yeye mwenyewe, anarudi.
Tulinuniana wiki nzima.

Sasa mwandishi, kwa kurasa mia nne,
ananijibu: ilikuwa vali.
Vali ya gesi iliyolegea!
Ndugu yangu, vali nazijua. Nafunga sita kwa siku.
Sikusafiri hadi kwenye nyota za watu
ili nikutane na kazi yangu ya Jumatatu.

Lakini kusema ni kibaya, siwezi.
Kuna pale Kalunde anamega asali iliyoganda miaka mia,
anakuta ndani yake mguu wa nyuki,
anauweka ulimini, hamezi.
Hapo nilikifunga, nikatoka nje kidogo.
Na alivyozeeka! Bila kinyongo,
vizuri kuliko nilivyomzeesha mimi.

Mihayo ameandika kutoka Kaliua: Vipi? Usinimalizie utamu.
Nikatafuta wembe.
Nimemkatia hadi ukurasa wa mia mbili na tatu.
Vali iko wa mia mbili na tano.
Zilizobaki nitamwambia zililowa.

Saa nane usiku maji yamerudi mtaani.
Bomba la jikoni likagonga, ko, ko, ko,
kama linavyogonga siku zote, hewa ikitafuta njia.
Fundi mzima, najua ni nini.
Nikasema, karibu.