Ghaini ya Ermelita

Namba arobaini na saba. Akaja dirishani
na faili la plastiki, pasipoti, picha mbili,
mikono ikinukia sabuni ya nyumba ya watu.
Ruwi, saa nne asubuhi, kipoza hewa kinakohoa.
Kazi yangu si kubwa: nahamisha majina
kutoka herufi za kushoto kwenda herufi za kulia.

"Mahali pa kuzaliwa?"
Akapataja. Nikainua kichwa.
Kijiji chenyewe sikijui, kiko Aklan, kiko mbali.
Kilichonistua kilikaa katikati ya jina:
ghaini, wallahi, ghaini isiyofunzwa na mtu,
laini, haikukwaruza,
kama kanga ikiburutwa juu ya saruji.

"Sema tena."
Akasema tena. Akachukua kalamu akaniandikia:
Bueawan. Maana yake dhahabu.
Na hiyo e, akasema, usiisome e,
hatukupewa herufi yake, tumeiazima.

Mimi yangu niliipata kwa machozi.
Mwaka wa sabini na nne, darasani Matrah,
wasichana walinicheka hadi wakashika mbavu:
Zuweina kasuku wa Unguja, hata ghurfa hawezi!
Mama akanisimamisha jikoni na kopo la maji ya chumvi,
akaimba huku akipepeta mchele:

*Ghali si gali mwanangu, ghuba usiite guba,*
*sukutua maji yangu, kooni yafanye ghuba.*

Nilisukutua mwezi mzima. Nikatapika mara mbili.
Na huyu kazaliwa nayo,
kule ambako mvua ni uean,
mwezi ni buean, njia ni daean,
na nyumba, akashusha sauti, nyumba ni baeay.

"Chumbani tuko sita," akaniambia.
"Wenzangu wote hapo hutia l.
Yule wa Iloilo huniuliza ulimi wangu umelala wapi."
Nikamwambia: usimjali.
Sisi kwa Kiswahili tumeificha ndani ya neno lugha,
ukiitoa, lugha yenyewe inabaki na pengo.
Akajaribu: lugha. Kwa mara ya kwanza. Sawasawa.
Wajukuu zangu hawaitamki hivyo.

"Na kitu kisipokuwapo, kwenu mwasemaje?"
"Waea."
Nikanyamaza kidogo.
Kwetu asiyekuwapo yuko ghaibu,
na aliyefika huku, basi yuko ughaibuni.
Koo moja, Ermelita, na tulikuwa hatujuani.

Nikafungua pasipoti.
Serikali ya kwao iliandika Bulawan.
Kwa l. Kwa l ya yule wa Iloilo.
Na kanuni ukutani, chini ya saa, inasema
jina lifuate pasipoti, herufi kwa herufi.
Ghaini nilikuwa nimeshaipiga kwenye skrini.
Nikaifuta.
Nikaweka lamu, ndefu, imesimama kama askari.
Muhuri. Riali moja na baisa mia tano.
Namba arobaini na nane ameshaanza kugonga kioo.

Lakini nyuma ya risiti nikamchorea ile nyingine,
mdomo uliofunguka na nukta juu yake.
"Hii ndiyo yako," nikasema. "Huku ina herufi kamili."
Akaitazama juu chini, akageuza karatasi,
akauliza kama nukta ni lazima.
Lazima, nikamwambia. Bila nukta ni mwingine.
Akaikunja mara nne, akaitia nyuma ya simu,
kwenye kasha, pamoja na picha ya mtoto wa kiume
aliyevaa sare ya shule, asiyecheka.

Usiku dada yangu akanipigia kutoka Mwanakwerekwe.
Umeme umekatika, goti linamsumbua,
na samaki, akasema, samaki siku hizi gali mno.
Gali.
Kopo la Mama liko kabatini, limepinda mdomo.
Nikamuuliza changu wanauzaje.