Mtu wa Jumatatu

Kwa miaka ishirini na sita nilikuwa mtu wa Jumatatu.
Kila jema langu lilizaliwa siku hiyo
likafa kabla ya Ijumaa,
likazikwa kwenye friji, nyuma ya kabichi.

Rimouski, Januari. Mto umeganda kingoni,
mpana hata ng'ambo huioni.
Muuguzi Doris Langis ananivisha kile kitambaa cha presha,
kinavimba, kinanikaba, kinashusha pumzi.
Anaandika namba. Hanigombezi.
"Tembea kidogo, Fernande. Sukari, ipunguze."
Kidogo! Ipunguze! Maneno ya watu wasio na msimamo.
Mimi nilisikia: saa nzima kila siku,
na sukari marufuku hadi kaburini.

Nikanunua viatu vya bei ya kuumiza.
Nikabandika kalenda jikoni,
kalamu nyekundu ikining'inia kwa uzi.
Jumatatu, alama. Jumanne, alama.
Jumatano nyayo zinawaka moto: alama.
Alhamisi dada yangu Huguette akatimiza sabini
na pai ya sukari ikakatwa.
Kipande kimoja tu, chembamba kama kadi ya benki.
Basi. Maji yamekwisha mwagika.
Na maji yakimwagika, mimi humalizia ndoo:
cha pili nilikila nimesimama,
cha tatu ndani ya gari, taa zimezimwa,
kama mtu anayeficha maiti.
Kalenda nikaigeuza iutazame ukuta.
Jumatatu haikuwa mbali.

Kisha Februari ikatumwagia theluji siku nne mfululizo.
Upande wa pili wa barabara anaishi Jolyane,
aliyekuwa golikipa wa hoki
hadi goti lilipomsaliti.
Anatoka na koleo. Anachota mara kumi,
anauegemea mpini, anarudi ndani.
Baadaye anatoka tena, mdomo umejaa mkate.
Njia yake si pana:
buti mbili na mfuko wa sokoni, imetosha.
Usiku inafunikwa. Asubuhi hafanyi matanga.
Sijamsikia hata siku moja akisema,
"Nimeshindwa na theluji,
ngoja nianze upya mwezi ujao."

Siku ya tatu koleo likamkatikia mikononi.
Nilikuwa dirishani. Nakiri: nilitamani akate tamaa,
nipate mwenzangu.
Akakitazama kile kipande cha mpini,
akatukana kwa vyombo vyote vya kanisani, kimoja kimoja,
akaingia ndani,
akatoka na trei ya kuokea biskuti.
Akaendelea kuchota.

Nilicheka hadi kioo kikafanya ukungu.
Halafu nikaacha kucheka.

Ilikuwa Jumatano, siku isiyoanzisha kitu.
Mezani palikuwa na pai, nami nilikwisha kula vipande viwili.
Viwili. Nilivihesabu kwa sauti, peke yangu jikoni,
kama mtu anayejifunza namba:
moja, mbili.
Hakuna aliyeniambia kwamba baada ya mbili
lazima nifike kumi na mbili.
Nikaosha sahani.
Nikavaa vile viatu, soksi zikiwa tofauti,
nikatembea hadi taa ya barabarani pale kona,
nikaigusa kwa glavu,
nikarudi.
Dakika tisa. Kumi, nikihesabu kutafuta ufunguo.

Tangu hapo kuna siku nafika kwenye taa,
siku nafika kwa muuza samaki,
siku nafika mlangoni tu, nasikia upepo,
namwambia, "Leo wewe, kesho tutaonana."
Kuna wiki niliumwa mafua nikalala nayo yote.
Pai bado naila. Inapoa hadi asubuhi, nami naiacha ipoe.
Doris amenipima tena; namba imeshuka
si kwa kupigiwa vigelegele.
Amesema, "Mhh." Ile mhh nimetoka nayo hadi nyumbani.

Kalenda? Ipo, imegeuzwa vilevile,
nyuma yake naandika cha kununua: vitunguu, sabuni,
trei ya biskuti kwa ajili ya Jolyane, ile imepinda.

Nje imeanza kuanguka tena, polepole.
Leo ni Jumapili usiku.
Kesho Jumatatu.
Sijaipangia kitu.